Kwenda Buyenzi Kutafuta Sauti Yenye Kifua

Teksi za Kavimvira hujaa mapema, jua likiwa bado nyuma ya milima ya Burundi, na anayechelewa hupakatwa. Asubuhi hiyo mimi nilipakata ampli nzito iliyoviringishwa blanketi na kufungwa kwa mpira wa baiskeli. Mama mdogo alikaa mbele karibu na dereva, mahali pake pa siku zote. Yeye anauza vitenge Uvira, na Bujumbura huenda kununua mzigo. Mimi nilikuwa mtu mzima tayari, mzaliwa wa mtaa wa Nyamianda, Uvira, upande wa Kongo, na utotoni kila usiku niliziona taa za Bujumbura ng'ambo ya ziwa Tanganyika, lakini mguu wangu haukuwa umevuka mpaka. Ulikuwa mwaka 2018, mwishoni mwa kiangazi, barabara imejaa vumbi.

Nilikuwa nafuata sauti. Nyumbani tulikuwa na risiva ya sinema, zile za njia tano na sabufa, iliyoletwa na ndugu yetu kutoka Dubai. Kwa filamu haikuwa na mpinzani. Helikopta zilipita juu ya vichwa vyetu, risasi zikalia nyuma ya makochi, watoto wa jirani wakaingia chini ya meza. Lakini nyumba yetu si nyumba ya filamu, ni nyumba ya rumba. Jumapili baada ya misa watu wakishakaa, wanataka Franco, wanataka Tabu Ley, wanataka Madilu, au mmoja wa wale waliotoka Kongo wakaenda kuimbia Kiswahili Dar es Salaam, kama Remmy Ongala, mtu wa upande wa Kindu. Hapo ampli ile, hiyo niliyoipakata, ilishindwa. Waimbaji walitoka wembamba, wana ncha. Ukiongeza sauti, inachoma sikio. Ukipunguza, waimbaji wanapotea na sabufa inabaki kugonga peke yake chini. Katikati, pale penye kifua cha mtu na mbao za gitaa, palikuwa patupu.

Vijana wenzangu walisema dawa ni wati: nunua kubwa zaidi. Sikukubali, kwa sababu nilikuwa nimesikia kitu tofauti. Katika baa moja ya mtaa wetu wa Mulongwe kulikuwa na ampli ya zamani iliyopigwa taratibu kiasi kwamba watu waliongea bila kupaza sauti, na bado Franco alikuwa amekaa mezani pamoja nasi. Nilimwuliza mwenye baa alikoipata. Akanijibu: Buyenzi, kule Bujumbura, kwa mzee mmoja anayetengeneza redio. Tangu siku hiyo sikutulia.

Kavimvira tuliteremka. Wakati huo sisi wakazi wa mpakani tulivuka kwa hati ya CEPGL, jumuiya iliyoanzishwa na Zaire, Rwanda na Burundi mwaka 1976. Jumuiya yenyewe ilikuwa imepita vipindi vya usingizi mrefu, lakini karatasi yake iliendelea kuwafaa wachuuzi. Pale mpakani akina mama walikuwa wamejipanga na mabeseni ya nyanya na ndagala, madumu ya mawese, kreti za chupa tupu; wabadilishaji wa pesa wameshika matita ya faranga mkononi. Nilitaka kupita upesi. Mama mdogo akanivuta kwenye meza ya forodha.

"Iandikishe sasa, mwanangu. Ukirudi na nyingine, waone ulitoka na kitu."

Nikalifungua blanketi, wakaandika aina yake na namba ya nyuma, wakanipa kikaratasi. Kikaratasi hicho kilinisaidia sana wakati wa kurudi. Hili naliandika hapa kwa ajili ya yeyote atakayevuka na chombo cha umeme kwenda kukibadilisha: kiandikishe unapotoka, usingoje kurudi.

Upande wa Gatumba tulipanda Probox nyingine. Barabara ni tambarare, ziwa liko mkono wa kulia, na milima yetu ya Kongo inabaki nyuma ikizidi kuwa ya buluu. Sikuwahi kuiona kutoka upande ule. Ukikaa Uvira, mlima uko mgongoni na ziwa liko miguuni, huoni umbo la mahali unapoishi. Kutoka Gatumba niliona jinsi mji wetu ulivyobanwa katika ukanda mwembamba, na nikaelewa kwa nini mto ukifurika hatuna pa kukimbilia.

Kabla ya mji liko daraja la Rusizi. Dereva alipunguza mwendo, abiria wakachungulia kutafuta viboko, mmoja akaanza habari za Gustave, yule mamba ambaye Mfaransa Patrice Faye alimfuatilia kwa miaka. Mimi nilikuwa naangalia maji tu. Mto huo unatoka ziwa Kivu, kwenye mwinuko wa kama mita 1,460, na kuingia Tanganyika kwenye mita 770 na kidogo. Katika kuteremka huko unazungusha mashine za Ruzizi ya Kwanza, iliyojengwa karibu na Bukavu mwishoni mwa miaka ya 1950, na za Ruzizi ya Pili ya mwaka 1989, inayotumiwa na nchi tatu. Umeme unaowasha taa zetu Uvira unatoka kwenye maji hayo. Nilikuwa nimebeba magotini chombo kinachokula mto ule, na sikujua kwamba saa chache baadaye mzee wa Buyenzi angeanza somo lake kwenye umeme huo huo.

Bujumbura penyewe nitapapita haraka, kwa sababu ndivyo tulivyopapita. Bandari, harufu ya shayiri kutoka kiwanda cha bia, teksi nyeupe na buluu. Mama mdogo alinionyesha lilipokuwa soko kuu lililoungua Januari 2013. Alikuwa akinunua pale tangu ujana wake, na waliokuwa wakimwuzia walipoteza kila kitu asubuhi moja. Hakusema mengi, akageuza uso tukaendelea.

Buyenzi ni mtaa wa Waswahili. Barabara zake zina namba badala ya majina, na kila moja ina kazi zake: hapa makanika wamelala chini ya magari, pale wachomeaji wa mageti, mbele yao wauza spea, katikati mama wa sambusa na chai ya tangawizi. Kiswahili kinasikika toka mlango hadi mlango, kimenyooka kuliko chetu cha Uvira chenye Kifaransa ndani, na mtu yeyote anakujibu kwa lugha hiyo bila kukuuliza umetoka wapi. Nilikuwa nimejiandaa kujisikia mgeni, nikakosa nafasi.

Mzee tulimkuta barazani, kofia ya kufuma kichwani, miwani imening'inia kwa uzi. Nyuma yake redio zilipangwa mpaka darini.

"Jambo, mzee."

"Jambo sana. Karibuni. Dada, kaa hapa kivulini. Na wewe mwanangu, mtoto huyo uliyembeba anaumwa nini?"

Nilimwambia haumwi, nataka kumbadilisha. Nikatarajia aniulize wati ngapi, spika ngapi, pesa ngapi. Aliuliza tunasikiliza nini. Nikamwambia. Akauliza chumba kina urefu gani, sakafu ni ya nini, juu kuna dari au mabati matupu, na jioni balbu zinawaka nyeupe au zinakuwa nyekundu. Nikajibu yote: simenti, mabati, nyekundu. Akatikisa kichwa kama daktari aliyekwisha kujua, kisha akachukua bisibisi.

Ndani ya ampli yetu kulikuwa na vumbi la Nyamianda la miaka yote na mende mmoja mkavu. Mzee aliisafisha kwa brashi ya rangi, akaweka kidole kwenye transfoma.

"Unaiona? Hii ndiyo tumbo. Ampli haitengenezi sauti, mwanangu. Inachukua umeme wa ukutani na kuuchonga ufuate wimbo. Unachosikia kwenye spika ni umeme wenu wenyewe, umepewa sura ya Franco. Sasa angalia tumbo lilivyo dogo, halafu hesabu midomo inayolishwa hapa: mitano."

Nikakumbuka mto tuliouvuka, na kuanzia hapo kila alichosema kilinikaa.

Akaeleza kibandiko cha mbele kilichoandikwa wati 100 kila njia. Namba kama hiyo mara nyingi hupimwa njia moja ikilia peke yake, kwa mlio mmoja wa katikati, na sauti ikiruhusiwa kukwaruza kiasi. Zikilia zote tano, kila moja inapata kidogo. Ndiyo maana Marekani mwaka 1974 ilitoa kanuni kwamba ampli ya stirio ipimwe njia zote mbili zikifanya kazi pamoja, bila kupumzika. Hakuidharau ampli yetu, na kwa hilo nilimheshimu. Alitafuta kitufe cha kukata hesabu zote za ndani, wimbo upite moja kwa moja, akazima spika tatu na sabufa, akapiga. Ilikuwa nzuri zaidi. Aliniambia wazi kwamba anayetaka filamu na pesa zake ni chache anaweza kurudi nyumbani na hiyo hiyo. Mfanyabiashara anayekuonyesha njia ya kutonunua kwake ni mtu wa kumsikiliza.

Kisha akaingia ndani akatoka na Marantz, modeli 2230, ya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kampuni hiyo ilianza New York na mtu anayeitwa Saul Marantz, na katika miaka hiyo ya 1970 ampli zake nyingi zilikuwa zikiundwa Japani. Wati 30 tu kila upande. Sura ya aluminiamu, dirisha la stesheni linalowaka buluu, na gurudumu lililolala la kutafutia redio, zito, ukilisukuma kwa kidole linaendelea kuzunguka lenyewe. Badala ya vifundo viwili vya besi na juu, ina vitatu: besi, katikati, juu. Kifundo cha katikati nilikiangalia muda mrefu. Palipokuwa patupu nyumbani kwetu, hapa palikuwa na mlango wake.

Mzee alisema alibadilisha kapasita kubwa za ndani, kwa sababu hukauka kwa joto na miaka, na zikikauka ampli huvuma hata isipopiga kitu. Vifundo alivisafisha kwa dawa. Akanionyesha kwamba transfoma imefungwa kwa volti 220. Zile zinazotoka Marekani zikiwa za 120, ukizichomeka kwetu unaona moshi kabla ya muziki.

Hakuniomba niamini maneno yake. Alikuwa na kibao chenye soketi na balbu ya zamani ya wati 100, vimeungwa ili umeme upitie kwanza kwenye balbu ndipo ufike kwenye ampli. Akachomeka, akabonyeza. Balbu ikawaka kwa nguvu, halafu ikafifia taratibu mpaka ukabaki uzi mwekundu tu ndani ya kioo. "Kapasita zimeshiba, hakuna penye shoti," akasema. "Ingebaki inawaka hivyo hivyo kwa nguvu, ningekuambia usiiguse." Kifaa hicho cha bei ya chai kinafaa kuwa mezani kwa kila muuza ampli kutoka Buyenzi hadi Kalundu kwetu Uvira, na mnunuzi ana haki ya kukidai.

Ikafika zamu ya kulinganisha. Aliunga ampli zote mbili kwa zamu kwenye spika zile zile, akapiga mlio mmoja usiobadilika, akapima volti kwenye nyaya za spika kwa mita, akarekebisha mpaka zote zikawa sawa. Sababu yake ni ya kweli, na watu wengi wanaibiwa kwa kutoijua: sikio hudanganywa na nguvu. Chombo kinacholia juu kidogo tu, hata usipotambua kwamba kiko juu, utakiona kizuri zaidi. Wauzaji wanajua.

"Umekuja na wimbo unaoujua?" akauliza.

Nilikuja na CD yenye Mario, ya Franco na TPOK Jazz, ya mwaka 1985. Niliichagua kwa sababu ina kila kitu. Madilu anaimba kwa sauti ya juu iliyojaa huzuni, magitaa yanajibizana pande mbili, na Franco mwenyewe anaongea, hasa anaongea, kwa sauti nzito ya mtu aliyekaa kitini. Sauti ya mtu anayeongea ni mtihani mgumu kwa ampli, kwa kuwa tangu kuzaliwa tunajua mtu anavyosikika akiwa karibu.

Kwa ampli yetu, Franco alikuwa mtu wa kwenye simu. Kwa Marantz aliingia na kifua chake. Gitaa la besi halikugonga. Lilitembea, na kila noti nilisikia inapoanza na inapoisha. Madilu alipanda juu bila kukwaruza. Mama mdogo wakati huo alikuwa anabishana na mwuza vitenge wake kwenye simu. Akasema "nitakupigia", akakata, akageuza kiti.

"Huyu sasa ni mtu," akasema. "Yule wa kwanza alikuwa anasoma habari."

Nimejaribu tangu siku ile kuelewa joto hilo ni kitu gani. Wapo wanaosema ni la ampli za valvu peke yake, zile za vioo vinavyowaka, kwa sababu valvu zikikazwa huongeza juu ya kila noti kivuli chake cha oktava moja, na sikio linakipenda kivuli hicho. Ni kweli kwa valvu. Marantz ile ni ya transista, haina valvu hata moja. Ninaloamini ni hili: msingi wa sauti ya mwanaume unaanzia kama hezi 100, na kutoka hapo mpaka 400 hivi ndimo uliomo mwili wa mwimbaji na tumbo la gitaa. Sikio letu nalo linasikia kwa ukali zaidi kati ya hezi 2,000 na 5,000, zinakokaa herufi kama s na t na ncha za nyuzi. Chombo kikikosa nguvu chini na kukwaruza juu, unasikia herufi bila mwili. Kikiwa na umeme wa kutosha wa kuushika mwili, na juu kikatulia, tunasema kina joto. Rumba, muziki ambao UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu Desemba 2021, umejengwa juu ya mwili huo. Kuupiga kwa chombo cha milipuko ni kuunyima haki yake, na hilo linaniuma ninapopita baa zetu za leo zenye spika kubwa kama makabati.

Bei aliizungumza mama mdogo. Mimi niliambiwa nikanywe chai. Niliporudi, ampli yetu ilikuwa imekuwa ya mzee, tumeongeza dola 90, na ndani ya bei kulikuwa na kilo za ziada: regileta ya umeme aliyosisitiza tuondoke nayo. "Bila hii, jioni mtanilaumu mimi," alisema.

Kurudi hakukuwa na neno. Forodha walitazama kikaratasi, wakapima tofauti, nikalipa ushuru wa kilichozidi, tukafika Nyamianda na ndagala wa jioni wako juani bado.

Kazi kubwa ilikuwa chumbani. Mzee alikuwa ameniambia nipige makofi katikati ya sebule kabla ya kuchomeka chochote. Nikapiga: kuta zikajibu kwa mlio mkali, kama bati limeguswa. Simenti chini, plasta tupu ubavuni, mabati juu. Vyote vinarudisha sauti za juu na kuziongeza ukali. Ampli ya malaika isingetosha. Tulitandika mkeka mzito na zulia, tukatundika mapazia mazito ukuta mzima unaotazamana na spika, na mama akatoa mablanketi ya kushonea dari ya kitambaa chini ya mabati. Spika nilizitoa kwenye kona zilikokuwa zimebanwa, nikazipandisha kwenye stuli ziwe usawa wa masikio ya mtu aliyekaa, zikaachana kiasi kile kile cha umbali wa kutoka kwao hadi kwenye kochi. Nikapiga makofi tena. Chumba kikanyamaza. Regileta ilionyesha volti 170 saa mbili usiku na kuipandisha mpaka 220, na dirisha la buluu halikufifia.

Tulipoteza kitu, na sitaficha. Helikopta hazipiti tena juu ya vichwa. Mdogo wangu wa mwisho alinuna juma zima, na anayetaka filamu zenye vishindo huenda kwa jirani. Mimi naona tulifanya vyema, na baba, ambaye zamani alikuwa akizima muziki baada ya nyimbo mbili akidai kichwa kinauma, siku hizi ndiye anayebadilisha CD.

Habari zikafika kanisani. Kwaya ilikuwa na matatizo yale yale: wimbo ukipigwa, soprano zinapasua masikio na sauti za wanaume hazisikiki kabisa. Walituma watu wawili nyumbani, mwalimu wa kwaya na kijana wao wa mitambo. Wakakaa kwenye kochi, wakasikiliza CD nzima, wakaniomba niwapeleke Buyenzi. Niliwaambia wabebe rekodi ya kwaya yao wenyewe, ile wanayoijua kila pumzi, na wapime ukumbi wa kanisa kwa hatua na kuandika juu kuna nini, kwa sababu mzee atauliza. Mwalimu alitaka twende Jumatano. Mama mdogo akasema Jumatano ana mzigo wake na teksi haitatosha; tukapanga Alhamisi, na kila mmoja ahakikishe hati yake ya kuvukia haijaisha muda.